Mgeni na Mwanagenzi: Lugha ya Mlangoni katika Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia, ile kamusi elezo iandikwayo na watu wa kujitolea katika intaneti, ilianzishwa kwa Kiingereza tarehe 15 Januari 2001, na tawi lake la Kiswahili likafuata mwezi wa Machi 2003. Msingi wake watofautiana na msingi wa ensaiklopidia zilizotangulia. Hizo za kale zilimtafuta mtaalamu, zikamwajiri, zikamlipa, na aghalabu jina lake likatiwa chini ya makala. Hii haimtafuti mtu wala haimlipi, bali humwambia kila asomaye kwamba aweza kuhariri papo hapo alipo. Hapana hodi wala barua ya maombi. Kwa sababu hiyo husemwa mara nyingi kwamba mlango wake u wazi, na wasemao hivyo hawakosei. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na aingiaye kukaribishwa ni jambo la pili. Mtu aweza kuingia katika nyumba isiyo na komeo akasimama uani tangu asubuhi hata jioni, asiambiwe karibu ukae. Jambo hilo la pili ndilo lichambuliwalo hapa, nalo latazamwa kwa upande wa lugha: ni maneno gani yampokeayo mwandishi mpya, ni yapi yamsahihishayo, na ni yapi yamfukuzayo pasipo aliyeyaandika kukusudia kumfukuza.

Shida hii ilidhihirika kwanza katika tawi la Kiingereza. Idadi ya wahariri wake wenye bidii ilipanda mbio hata mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Wako waliodhani kwamba kazi imekwisha tu, kuwa yaliyo rahisi kuandikwa yamekwisha andikwa. Aaron Halfaker na wenzake watatu, katika utafiti wao uliotolewa mwaka 2013, walionyesha sababu nyingine. Wapya wenye nia njema walikuwa wangali wanakuja, wala hawakuwa wabaya kuliko waliowatangulia. Ila kazi zao zilikataliwa zaidi na zaidi, tena mara nyingi kwa vyombo vilivyoundwa kuwasaka waharibifu kwa haraka, na kanuni zilikuwa zimekauka kiasi kwamba mpya hakuweza tena kuzigusa. Aliyekataliwa mara ya kwanza hakurudi mara ya pili.

Wala ukali huo haukuzuka bure. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikuwa umekaa humo miezi kadhaa ukimsingizia kuhusika na mauaji ya Rais Kennedy. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, wasiojiandikisha walizuiwa kuanzisha makala mpya kwa Kiingereza. Nyumba iliyowahi kuibiwa hufuga mbwa, na mbwa hamchagui mwizi na mgeni. Wenyeji wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana wana kanuni, tena ya zamani, iwatakayo wasiwaume wageni. Mwaka 2012 wakafungua na Nyumba ya Chai, mahali ambapo mpya aweza kuuliza swali la kijinga akajibiwa na binadamu. Mswahili angaliiita baraza, na pengine angalijiuliza kwa nini ilichukua miaka 11 kuijenga.

Haifai, hata hivyo, kuyachukua mambo hayo na kuyavika Kiswahili kama yalivyo. Hali ni kinyume. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 70,000, lakini wanaoilinda siku kwa siku ni wachache mno. Katika Kiingereza mpya huumizwa na wingi wa walinzi; katika Kiswahili huumizwa na uchache wa wenyeji. Mtu mmoja ndiye asalimuye, ndiye asahihishaye, ndiye afutaye, na baada ya hayo yote bado ana makala yake mwenyewe ya kumaliza. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kutunga barua. Hutumia neno lililo tayari, lile ambalo chombo chenyewe kimempa. Basi maneno hayo yaliyo tayari yana uzito kuliko yanavyodhaniwa, nayo yafaa kuchunguzwa moja moja.

Neno la kwanza lastahili sifa. Makala fupi isiyokamilika, ambayo Kiingereza huipa jina la kipande kilichosalia baada ya kitu kukatwa, na Kifaransa jina la mchoro wa awali, Kiswahili kimeiita mbegu. Kipande kilichokatwa hakikui. Mchoro wa awali hungoja mkono wa yule yule aliyeuanza. Mbegu yaweza kupandwa na huyu, ikamwagiliwa na yule, na mvunaji akawa mwingine kabisa. Na chini ya mbegu hizo huwekwa maneno mafupi yamwulizayo msomaji kama ajua lolote la kuongeza. Hayo ni maneno ya mwenyeji: humwita mtu kwa kile akijuacho, wala hayaanzi kwa kumwonya.

Neno la pili ni kutengua. Mhariri akiiondoa kazi ya mwingine na kuirudisha makala katika hali yake ya awali, tendo hilo huitwa kutengua. Kwa upande wa sarufi hapana kosa; kitenzi hicho ni cha kauli ya kutendua, ndugu yake kufungua na kuzibua. Lakini maneno hayaishi katika sarufi peke yake. Udhu hutenguka. Ndoa hutenguliwa mbele ya hakimu. Uteuzi wa mkubwa hutenguliwa, na habari ikasomwa redioni usiku. Mpya aliyebadili tahajia ya neno moja, akakuta kazi yake imetenguliwa, haelewi kwamba herufi zimerudishwa mahali pake. Aelewa kwamba amenajisi kitu, au kwamba ameachishwa kazi ambayo hata mshahara haina. Neno kurudisha lingetosha, nalo halina tuhuma ndani yake.

La tatu ni mkabidhi. Wale waliopewa uwezo wa kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu, Wikipedia ya Kiswahili imewaita wakabidhi. Yamkini chanzo ni lugha ya sheria, ambamo Kabidhi Wasii ni ofisa asimamiaye mali ya marehemu kwa ajili ya warithi wake. Kwa maana hiyo jina ni zuri kuliko la Kiingereza, kwa kuwa lamkumbusha aliyepewa kwamba mali si yake. Ila shina lenyewe, litokalo katika Kiarabu, lina maana ya kushika na kufumbata kabla ya maana ya kutoa, na kamusi za zamani zamweleza mtu aliye kabidhi kuwa ni bahili, mkono wa birika. Neno moja, basi, lachukua mkono ufumbatao na mkono utoao. Hapana haja ya kulibadili. Mpya mwenyewe atajua, kwa matendo, amekutana na mkono upi.

Maneno hayo matatu ni ya chombo. Lakini makala nazo husema na mpya, maana mtu hujifunza kuandika kwa kuiga alichokikuta. Mkono wa makala nyingi mno wahusu kata za Tanzania, nazo zimefinyangwa kwa kalibu moja: jina la kata, wilaya, mkoa, na hesabu ya watu kwa mujibu wa sensa. Kazi hiyo haifai kubezwa. Aliyepiga matofali hayo aliwatayarishia wengine msingi. Walakini msomaji wa Kiswahili hushtuka anapokuta kwamba kata ina wakazi "wapatao" idadi fulani, kisha ikafuata hesabu isiyopungua hata mtu mmoja. Kupata idadi ni kukisia, sensa haikukisia. Kosa ni dogo, nalo limerudiwa ukurasa baada ya ukurasa, hata mpya aionaye kalibu hiyo hudhani kwamba ndiyo lugha ya elimu, akaitia na yeye katika makala yake.

Na afikiriwe mwalimu wa shule ya msingi aliyeikuta kata yake humo. Asoma hesabu ya watu, naye anajua kwamba katika kata hiyo kuna gulio la Jumamosi, na kwamba jina la mtaa wake latokana na kisima ambacho wazee bado huonyesha mahali kilipokuwa. Abonyeza neno "hariri", aongeza sentensi mbili, alala akiwa na furaha. Kesho yake sentensi hazipo. Sababu iliyotajwa, kama imetajwa, ni kwamba hazina chanzo. Mwenyeji hakukosea kanuni. Kamusi elezo ambayo kila mtu aweza kuiandika haina kinga nyingine dhidi ya uongo ila kudai ushahidi uliochapishwa mahali pengine. Hata hivyo mwalimu amepotea, na pamoja naye imepotea habari ya kisima, ambayo huenda haitaandikwa tena kabla wazee hao hawajafa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe kwa lugha ya Kiswahili. Mwingereza akidaiwa chanzo cha habari ya kijiji chake, huenda maktaba ya mji, akachukua kitabu cha historia ya wilaya kilichochapishwa tangu zama za babu yake. Mwalimu wa kata hana pa kwenda. Kanuni ni moja, lakini uzito wake si mmoja. Kwa mmoja ni usumbufu wa saa moja, kwa mwingine ni ukuta. Mwaka 2011 filamu iitwayo People are Knowledge, iliyojengwa juu ya mifano ya India na Afrika Kusini, ilitetea hoja kwamba simulizi zilizorekodiwa kwa utaratibu zikubaliwe kuwa ushahidi. Hoja hiyo haikuiondoa kanuni, na labda haifai kuiondoa. Njia nyingine iko karibu zaidi, nayo iko mikononi mwa wataalamu. Simulizi iliyokusanywa na kuchapishwa katika jarida la chuo yaweza kutajwa katika makala pasipo ugomvi wowote. Miswada iliyokusanywa na J. W. T. Allen na wenziwe, ikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaonyesha jinsi kazi ya watu wachache iwezavyo kuokoa mengi. Mtaalamu acheka akionyeshwa Kiswahili cha Wikipedia. Lakini makala yake kuhusu mofolojia ya lahaja fulani aliiandika kwa Kiingereza, na orodha ya majina ya mahali aliyoikusanya kijijini imo katika kabati lake. Hana haki kubwa ya kucheka.

Kuna na suala la lahaja. Wasomaji wa kurasa kama hizi hawahitaji kukumbushwa kwa kirefu kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ikisoma vitabu vya shule na kuvipa kibali. Matunda ya kazi hiyo ni makubwa. Pia ilikuwako Mombasa na Lamu manung'uniko ya watu ambao lugha waliinyonya kwa mama zao, kisha wakaambiwa na kitabu kwamba hawaijui. Wikipedia imeurithi usanifu ule bila ya kuwa na kamati, na kwa hiyo kila mhariri amekuwa kamati. Mtu wa Mombasa aandikaye "mtele" au "ndia", na mtu wa Lubumbashi ambaye "bitu" na "batu" ndiyo maneno ya nyumbani kwake, husahihishwa sawasawa na yule aliyekosea upatanisho wa ngeli. Kamusi elezo yafanya vema kushika Kiswahili kimoja katika makala zake, la sivyo haitasomeka. Lakini kumwambia mtu "hapa hutumika sanifu" si sawa na kumwambia "umekosea". La kwanza ni kanuni ya nyumba. La pili ni hukumu juu ya lugha ya mamaye, tena hukumu isiyo ya kweli kwa elimu ya lugha.

Mtu aweza kujibu kwamba upole wa namna hii una hatari yake, na jibu hilo lina nguvu. Mwezi wa Agosti 2020 ilifichuka kwamba makala maelfu kwa maelfu katika Wikipedia ya Kiskoti zilikuwa zimeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, aliyekuwa akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja kwa msaada wa kamusi. Hakuwa na nia mbaya. Alianza akiwa mtoto, na kwa miaka mingi hapakuwa na mwenyeji wa kutosha wa kumwambia hapana. Nyumba yenye ukarimu usio na macho ilimdhuru yeye, ikaidhuru na lugha. Wikipedia ya Kiswahili yaijua hatari iliyo jirani na hiyo. Wahariri wake wamelazimika kuwaonya wapya, tena na tena, wasimwage humo maandishi yaliyotafsiriwa na mashine. Onyo ni la haki. Mashine za kutafsiri zenyewe hufundishwa kwa maandishi ya intaneti, na Wikipedia ni sehemu yake moja kubwa kwa lugha zisizo na maandishi mengi humo. Hivyo Kiswahili kibovu kitokacho mashineni chaingia katika makala, mashine zalishwa makala hizo, nazo zakitoa tena kikiwa kibovu zaidi. Mlinzi akaliaye mlango huo alinda kitu kikubwa kuliko ukurasa mmoja.

Ila onyo likiwa ndilo neno la kwanza asikialo mgeni, huwafukuza wasiohusika, na mmwagaji halisomi. Mwenye kutafsiri kwa mashine yuko mbioni. Mwalimu wa kata, aliyekuja polepole na sentensi zake mbili, ndiye alisomaye onyo mpaka mwisho, akajihoji kama yeye naye hakufanya kosa fulani.

Waliowahi kujaribu dawa ya zawadi nao wapo. Mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliendesha mashindano ya kuandika makala za Kiswahili miongoni mwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na makala mamia ziliingia. Kasoro ya mashindano imo katika umbo lake, haimo katika nia ya walioyaandaa. Mashindano huhesabu makala. Hayahesabu watu waliobaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zawadi humpa mgeni jembe na sherehe siku moja, na siku ya tatu hapana shamba alilolizoea.

Huenda kasoro ya ndani zaidi iko katika neno mgeni lenyewe. Mgeni huheshimiwa, hutandikiwa mkeka, hupewa chakula cha kwanza. Lakini haingii jikoni, wala hasahihishwi, maana kumsahihisha mgeni ni utovu wa adabu. Wikipedia haiwezi kumtendea mtu hivyo. Yataka aingie jikoni siku ile ile, na yataka kumsahihisha. Kiswahili kina neno la mtu wa namna hii, nalo ni mwanagenzi. Mwanagenzi wa fundi wa milango ya kuchonga hapewi kizingiti cha juu siku ya kwanza. Hupewa kipande cha mti ajaribu mkono, na patasi ikiteleza fundi hakitupi kipande nje ya karakana pasipo neno. Humwonyesha ilipotelezea, humrudishia mkononi. Kusahihishwa hakumvunjii mwanagenzi heshima, kwa kuwa ndiko kulikomleta. Na kosa lake katika Wikipedia ni rahisi kuliko la patasi, kwa maana kila makala ina ukurasa wa historia ambamo kila hali iliyopita imehifadhiwa, na hapana mti unaoharibika.

Vyombo vya ualimu huo vipo. Tangu mwaka 2018 Shirika la Wikimedia limekuwa likitengeneza ukurasa wa nyumbani kwa wapya, wenye kazi ndogo ndogo zilizopendekezwa na jina la mlezi wa kuulizwa; majaribio ya awali yalifanywa kwa Kicheki na Kikorea. Lakini chombo hicho chasema kwa maneno, na maneno ya Kiswahili hutafsiriwa na watu wa kujitolea, kipande kimoja kimoja, aghalabu pasipo mfasiri kuona ukurasa ambamo kipande kitakaa. Ndivyo yazaliwavyo matamshi yaliyo sahihi kila moja peke yake, na yakiwekwa pamoja yakasikika kama tangazo la forodhani. Kazi hii yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa shahada ya isimu akisimamiwa na mwalimu wake muhula mmoja, nayo ingefaa kuliko tasnifu nyingi za tafsiri zilalazo rafuni.

Na kuhusu kazi ndogo ya kumwanzishia mtu, haihitaji kutafutwa mbali. Kata zile zangoja neno "wapatao" liondolewe, moja moja. Ni kazi ya dakika mbili, isiyohitaji chanzo, na aifanyaye huimaliza akijua kwa nini ameifanya. Akimaliza ya kata yake, aambiwe na mtu mwenye jina, katika ukurasa wake wa majadiliano, maneno yasiyozidi haya: "Ndugu, asante. Sentensi ya gulio tumeiacha na tumeiwekea alama ya kutafutiwa chanzo. Ile ya kisima tumeihamishia ukurasa wa majadiliano isipotee, mpaka apatikane aliyeichapisha. Je, wazee hao bado wako hai, na yuko wa kuwarekodi?"